Bango likishaviringishwa, nani anabaki na kesi? (Uzi mrefu: Owino Uhuru, Juni 2024 na harakati zetu za mitandaoni)

Mtetezi_Pwani (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Uzi ni mrefu, anayeweza avumilie asome hadi mwisho, kwa sababu jambo hili linaniuma na nataka tulijadili kwa uzito wake.

Niko Mombasa. Najitolea kama msaidizi wa kisheria, hasa kwa akina mama waliopigwa na kwa watoto walionajisiwa. Kila mwaka kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, simu yangu haitulii. Wananitafuta watu wa mashirika, wasanii, wanasiasa, wenye kurasa kubwa. Wote wanaomba kitu kimoja: niwatafutie manusura wa kuja kusimama jukwaani. Fulana za rangi ya chungwa zinagawiwa, msafara unapita na matarumbeta, picha zinapandishwa. Tarehe 11 kimya. Kesi zenyewe zinatajwa Januari, zinaahirishwa hadi Machi, zinaahirishwa tena, na kwenye benchi la kortini tunakaa mama, mtoto wake na mimi.

Sisemi fulana ni dhambi. Ninachotaka tukichimbe ni kwa nini harakati nyingine zinafika na nyingine zinaishia kwenye picha. Nitatumia mfano wa hapa hapa kwetu.

Owino Uhuru ni kijiji cha mabanda kule Mikindani, Jomvu, chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri zinayeyushwa ili kupata madini ya risasi, na risasi ni sumu ambayo Shirika la Afya Duniani linasema haina kiwango kilicho salama mwilini. Inamdumaza mtoto akili, inaharibu figo, inaharibu mimba. Moshi ukaingia majumbani, maji yenye asidi yakapita mitaroni, mabati yakatoboka, na watu wakaanza kuugua bila kujua wanaugua nini.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, kazi yake ikiwa mahusiano na jamii. Tathmini ya mazingira aliyoisimamia ilionyesha kuwa kiwanda hakikustahili kuwa pale. Wakubwa hawakutaka kusikia. Kisha mwanawe mdogo akaugua. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, hakuna kilichoonekana. Damu ilipopimwa risasi, ikakutwa. Mtoto alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama yake.

Omido akaacha kazi. Angeweza kulipwa na kunyamaza, au kusimama mbele ya kamera mara moja na kuishia hapo. Yeye aliwapeleka watoto wa pale kijijini wakapimwe, kwa maana bila karatasi ya maabara hakuna ofisi ambayo ingemsikiliza. Akaandika barua kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na kwa wizara. Akaandamana na majirani. Mwaka 2012 akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na dunia ikamjua.

Hadithi nyingi za mitandaoni zinaishia hapo, kwenye mama shujaa na makofi. Lakini wakati makofi yanapigwa, watu wa Owino Uhuru bado walikuwa na risasi mwilini, na udongo wenye sumu ulikuwa bado uwanjani watoto wanapochezea. Kesi ikaendelea. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Toka kiwanda kufunguliwa hadi hukumu hiyo ni miaka 17.

Hata hukumu haikumaliza, maana miongoni mwa wanaodaiwa fidia kuna serikali. Kwa sheria ya Kenya, serikali ikidaiwa huwezi kumtuma dalali akachukue mali yake kama anavyochukua kochi na runinga ya mdeni wa kawaida. Unachukua hati mahakamani inayothibitisha deni, unaifikisha wizarani, unasubiri. Wakikupuuza, unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mhusika alipe. Kazi hiyo ni ya kupanga foleni na kuulizia faili, na hakuna mpiga picha anayekuja kuipiga.

Mtu yeyote aliyewahi kushika kesi ya watu wengi anajua inavyokwenda. Majina yanatakiwa yalingane na vitambulisho. Kuna aliyehama, kuna aliyefariki na warithi hawana barua ya usimamizi wa mirathi. Kibarua wa siku akija kutoa ushahidi, siku hiyo nyumbani hakuna ujira. Shahidi akikosa nauli hafiki, shahidi asipofika kesi inaahirishwa, ikiahirishwa mara nyingi inakufa.

Kwa hiyo kipimo changu, baada ya kuyaona haya, ni kama kuna mwenye tatizo anayeweza kukutuma kazi. Mwanaharakati wa kweli anatumwa na wenye shida, na akirudi anawapa hesabu. Yule wa kiki anawatuma wao: simameni hapa, shikeni bango, lieni kidogo, geukeni kwenye mwanga. Idadi ya wafuasi si hoja. Yupo mwenye wafuasi laki tano anayetumika vizuri sana, na yupo mwenye wafuasi mia mbili anayetafuta sifa tu.

Nitoe mfano mmoja wa madhara, maana wapo watakaosema picha haimuumizi mtu. Kundi moja lilikuja kumtembelea mtoto ambaye kesi yake ilikuwa inaendelea. Walileta unga, mafuta ya kupikia na kamera. Uso wa mtoto waliuficha kwa ukungu kabla ya kupandisha picha, wakadhani wamemaliza. Sweta ya shule ilionekana wazi, nembo na yote, na nyuma yake mlango wa bluu ambao mtaani upo mmoja tu. Jioni kila mtu alishajua ni mtoto wa nani. Siku ya pili wazee wa upande wa mshtakiwa walifika kwa yule mama kuomba mambo yaishe kinyumbani. Alipokataa, mwenye nyumba akamwambia atafute pa kuhamia. Waliopandisha ile picha hawakujua lolote, maana hawakurudi kuuliza.

Karibuni tujadili.

---

Kijana_wa_Juni

Dada, heshima yako. Lakini mimi nilikuwa Nairobi Juni 2024 na siwezi kukubali mitandao ipigwe rungu hivi hivi.

Mswada wa Fedha ulipotoka, nani aliusoma? Wabunge wengi hawakuusoma. Watu wetu waliuchambua kifungu kwa kifungu: asilimia 16 kwenye mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ushuru wa mafuta ya kupikia. Ukatafsiriwa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kuna waliouweka hadi kwa lugha ya ishara. Kwenye mijadala ya sauti usiku unakuta maelfu wanasikiliza wakili akieleza kodi ni nini. Namba za wabunge zikasambazwa, wakapigiwa, wakatumiwa ujumbe hadi simu zao zikajaa. Hiyo yote ilifanyika kwa simu. Halafu tarehe 18, tarehe 20, tarehe 25 watu wakaingia barabarani, na tarehe 26 Rais akatangaza hatauidhinisha.

Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 39. Wengine wao walianza kwa kusambaza ujumbe tu, kama hawa mnaowaita wa kiki. Tuwe waangalifu na maneno yetu.

---

Mtetezi_Pwani

Kijana_wa_Juni, kaka, Mungu awarehemu wote. Rudia ulichoandika utaona tunasema jambo moja. Umetaja kutafsiri, kuchambua vifungu, kumpigia mbunge. Kila aliyeshika simu alikuwa na kazi ya kufanya usiku ule, na kazi hiyo ilijulikana imetoka wapi na inakwenda wapi. Aliyekuwa kijijini Kwale akasikia mkate utapanda kwa lugha anayoielewa, huyo alihudumiwa. Ndiyo maana Juni ilifika.

Linaloniumiza ni yaliyofuata. Kijana Rex Masai alipigwa risasi kwenye maandamano ya tarehe 20 Juni. Picha yake iliwekwa na watu wengi ajabu, wengine bado wanayo kwenye wasifu wao. Uchunguzi wa kifo chake umesikilizwa katika mahakama ya Milimani, kikao baada ya kikao, na milango ya mahakama iko wazi kwa mwananchi yeyote. Familia ikikaa mle ndani, hakimu na mawakili wa polisi wanaona kama benchi la nyuma limejaa au liko tupu. Mimi nimeona mwenendo wa kesi unavyobadilika watu wakijaa. Ombi la kuahirisha linaulizwa maswali. Ofisa aliyeitwa anafika.

Nairobi ina watu zaidi ya milioni nne. Benchi la watu kumi na tano kwa zamu lisingetushinda.

---

Mama_Nasra

Naunga mkono. Tarehe 27 Januari 2024 niliandamana Mombasa kwa ajili ya mauaji ya wanawake, nchi nzima iliandamana. Nilifurahi, sijawahi kuona wanawake wengi vile. Baadaye mwaka huo huo polisi wenyewe wakatangaza wanawake 97 wameuawa kati ya Agosti na Oktoba. Tarehe 10 Desemba waliotoka tena Nairobi wakarushiwa vitoa machozi. Sasa kwa jirani yangu anayepigwa kila Ijumaa, yale maandamano yalimwachia nini? Hajui hata fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, inachukuliwa wapi.

---

Mtetezi_Pwani

Mama Nasra, shikamoo. Hilo la P3 ni zito na ngoja niliweke hapa mwenye kuhitaji alipate. Mwambie akipigwa aende hospitali kwanza akatibiwe na aandikiwe, asioge wala asifue nguo kama ni kubakwa, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki kwa sababu plastiki inazifanya ziote ukungu na ushahidi unaharibika. Kituo cha polisi apewe namba ya OB, yaani kitabu cha matukio, aiandike mahali. P3 anapewa na polisi, daktari anaijaza, inarudi polisi. Abaki na nakala ya kila karatasi. Kesi nyingi ninazoziona zikianguka zinaangukia hapo, kwenye karatasi iliyopotea kituoni na mama hana nakala.

Kwa maandamano ya Januari, mimi nayathamini. Yalifanya neno la mauaji ya wanawake litajwe bungeni na ikulu. Ila waangalie wanariadha wa Iten baada ya Agnes Tirop kuuawa Oktoba 2021. Wenzake wa kukimbia naye waliunda Tirop's Angels, wakawa wanakaa na wanariadha wasichana, wanaongea nao kuhusu waume na makocha wanaoshika pesa zao, wanamtafutia mahali anayetaka kutoka. Ni watu wanaoamka alfajiri kwenda mazoezini na bado wanapokea simu za usiku. Hawakuhitaji kutafuta manusura wa kumweka jukwaani, maana wanaishi nao.

---

Mwana_Lira

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni Mganda wa kaskazini, Kiswahili changu nilikipata kazini, mnivumilie.

Mnakumbuka KONY 2012? Video ya nusu saa kutoka Marekani ilitoka tarehe 5 Machi 2012, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Vijana wa ng'ambo walinunua bangili na mabango ili wamfanye Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ajulikane. Huku kwetu alijulikana tangu sijazaliwa. LRA walikuwa wameshatoka Uganda kama miaka sita kabla, wako Kongo na Afrika ya Kati. Video ilipoonyeshwa Lira hadharani, watu walikuja kwa wingi, wengine kwa miguu kutoka mbali, wakitumaini kuona mambo yao. Wakaona baba Mmarekani na mtoto wake. Wakakasirika hadi mawe yakarushwa, maonyesho mengine yakasimamishwa. Wazazi wetu waliokatwa midomo na waliopoteza watoto hawakuulizwa hata swali moja kuhusu wanachotaka.

Tarehe 20 Aprili mwaka ule ule watu walitakiwa kubandika mabango miji yote ya dunia usiku kucha. Waliotokea walikuwa wachache sana. Wiki sita tu zilikuwa zimepita.

Sasa nisikilizeni. Februari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamua fidia katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA aliyehukumiwa miaka 25. Ilikadiria waathiriwa wapatao 49,772, kila mmoja apewe euro 750 kama ishara, pamoja na huduma za pamoja za matibabu na ushauri, jumla zaidi ya euro milioni 52. Ongwen hana pesa, kwa hiyo mfuko wa waathiriwa lazima uombe wafadhili. Hapo sasa ndipo tungehitaji wale watu milioni 100. Euro moja tu kila mmoja ingetosha na ingebaki hata ya jengo la zahanati. Sijamwona mtu mmoja mwenye bangili akiuliza fidia hiyo imefikia wapi. Wazee wanazidi kufa wakiwa kwenye foleni ya kuandikishwa.

---

Kijana_wa_Juni

Mwana_Lira, hili la euro 750 ndiyo kwanza nalisikia leo. Na ile video niliiona nikiwa shule ya msingi.

---

Ndugu_Goma

Jambo kwenu bandugu. Nataka nitetee ishara kidogo, ndipo niilaumu.

Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye panja kama bastola wakati wa wimbo wa taifa. Hakuna aliyekwenda vitani kwa ishara ile. Lakini wale ni watoto wetu, ndugu zao wako huku, na waliitumia dakika moja ambayo kamera za dunia zilikuwa juu yao kusema tunauawa na mmenyamaza. Tulilia mbele ya televisheni. Kwa hiyo dada, ishara ikitoka kwa mwenye maumivu ni kitu kingine.

Lawama yangu sasa. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, nilipokea ujumbe wa pole kutoka kila kona, na picha za ramani ya Kongo inayovuja damu. Wiki tatu baadaye hakuna aliyeandika, na sisi ndipo tulikuwa tunatafuta maji. Nayataja maji kwa makusudi. Goma iko kandokando ya Ziwa Kivu na mabomba yetu ni makavu, akina mama na watoto wanabeba madumu ya manjano kutoka ziwani. Vijana wa LUCHA waliojikusanya hapa mwaka 2012 walianza na mambo kama hayo: maji, ajira, barabara. Walifagia mitaa, wakakaa chini mbele ya ofisi, wakakamatwa, wakatoka, wakakaa tena. Nilikuwa naona mwanzoni kuwa wanapoteza muda na maji wakati kuna vita. Mama yangu alisema hawa ndio wa kwanza kumuuliza anabeba madumu mangapi.

---

Mtetezi_Pwani

Ndugu_Goma, nakubaliana nawe kuhusu ishara ya Abidjan, na naongeza kitu. Wale wachezaji walikuwa na cha kupoteza, walikuwa kwenye nusu fainali, na hawakupata chochote kwa ishara ile. Anayeweka ramani yenye damu kwa saa 24 hapotezi kitu na huenda akapata wafuasi. Simhukumu kwa nia yake, nia anaijua Mungu. Naangalia tu nani alibeba mzigo na nani alipata faida.

---

Mdau_wa_Arusha

Mimi niongeze la Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa ufupi. Ombi la mtandaoni la kimataifa la kuwatetea Wamasai wasiondolewe kwenye ardhi yao lilikusanya saini zaidi ya milioni moja. Saini zilisaidia, viongozi wetu walilazimika kujibu. Lakini vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki hapa Arusha mwaka 2017. Septemba 2022 vikashindwa, miezi michache tu baada ya ile Juni serikali ilipopigilia vigingi vya mipaka na wanakijiji wakarushiwa mabomu ya machozi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikatengua na kuagiza isikilizwe upya. Wazee wanatoka kule kwa gari saa nyingi, wanalala kwa jamaa, wanasikiliza Kiingereza cha kisheria siku nzima. Mtu wa Arusha mjini mwenye chumba cha ziada na anayeweza kukaa pembeni ya mzee akimfasiria ana msaada kuliko saini elfu kumi. Nasema hivyo kwa wenzangu wa mjini hapa, tunajuana.

---

Bint_Riyadh

Assalam alaikum. Nimekuwa nasoma kimya kimya usiku, siku yangu ya mapumziko si ya kueleweka. Mimi ni mfanyakazi wa ndani huku Saudia, natokea Kilifi.

Mwenzetu mmoja aliteswa akajirekodi akilia, akaomba atolewe. Mwenye ukurasa mkubwa nyumbani aliiweka video ile na jina lake na mji aliopo. Ilienea usiku mmoja. Asubuhi mwajiri akaiona, akamnyang'anya simu, na sisi tukapoteza mawasiliano naye kwa muda mrefu kuliko wakati wowote. Aliyeiweka aliandika "Sauti za wasio na sauti". Dada yetu sauti alikuwa nayo, ilikuwa kwenye ile simu.

Watu wanaimba kuhusu kafala, yaani mfumo wa mwajiri kuwa mdhamini wako, bila kujua inafanyaje kazi. Huku huwezi kubadilisha mwajiri kama unavyotaka, makaratasi yako yamefungwa kwake. Mwaka 2021 sheria za Saudia zililegezwa kwa wafanyakazi wengi, lakini sisi wa majumbani hatukuwekwa. Msaada uliotufaa ulitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa huko kwetu. Kila msichana anayetaka kusafiri anapita kwake, anasomewa mkataba kwa Kigiriama na Kiswahili, anaacha nakala ya pasipoti, jina la wakala na namba ya mwajiri kwenye daftari. Mmoja akipotea, yule mzee ana pa kuanzia anapokwenda wizarani. Hana ukurasa popote.

---

Mtetezi_Pwani

Waalaikum salaam mdogo wangu, pole, na Mungu akulinde. Tafadhali usiandike hapa kitu kingine chochote kitakachokutambulisha. Daftari la huyo mwalimu lina nguvu mahakamani na ofisini kwa sababu lina tarehe na liliandikwa kabla ya shida. Nakutumia ujumbe wa pembeni.

Kwa wengine, ombi langu: ukipokea video ya mtu anayeomba kuokolewa, usiisambaze. Uliza kwanza familia yake iko wapi na inataka nini. Kama familia imeamua kelele ndiyo njia, basi piga kelele kwa nguvu zako zote, hapo umetumwa. Kama imeamua kimya hadi atoke, nyamaza, hata kama vidole vinawasha.

---

Mgeni_Kazini

Nimefuatilia mwanzo mwisho. Swali la mtu wa kawaida: nafanya kazi saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi nusu siku, nina watoto wawili na mama mgonjwa. Siwezi kukaa kortini. Nikiweka bango kwenye hali yangu ya WhatsApp ndicho ninachoweza. Je, mimi ni wa kiki?

---

Mtetezi_Pwani

Hapana kaka, hata kidogo. Anayemlea mama mgonjwa hana deni la kumthibitishia mtu kwamba anajali. Weka bango lako. Ila bango liwe na kazi ndani yake: badala ya "Tuungane na Owino Uhuru", andika fidia ni kiasi gani, mahakama gani imeamuru, na nani anatakiwa kulipa. Atakayeliona amepata kitu cha kumuuliza mbunge wake.

Na chagua jambo moja. Watu wenye huruma wanachoka kwa sababu wiki hii wana Goma, wiki ijayo Gaza, wiki ya tatu Sudan, na kote huko wamefika mlangoni tu. Mtu aliyefuata jambo moja kwa mwaka mzima anajua majina, anajua faili liko meza ya nani, na hata akiwa na dakika kumi kwa wiki, dakika zile zinafanya kazi.

Shilingi mia mbili kila mwezi bila kukosa inamsaidia anayefuatilia kesi kuliko elfu tano ya siku ya msiba, kwa sababu anaweza kupanga nauli ya mashahidi mapema. Kama huna mia mbili, kuna kuandika. Mashahidi wetu wengi wanaeleza kwa mdomo, mtu anaweza kurekodiwa kwa idhini yake na wewe ukaichapa usiku watoto wakilala. Hakuna atakayejua ulifanya, na jina lako halitatokea popote. Wakili atalipata faili lililo tayari.

---

Mgeni_Kazini

Kuchapa naweza. Nina kompyuta na nachapa haraka, ndiyo kazi yangu. Kiswahili na Kiingereza, na Kidigo nasikia vizuri.

---

Mtetezi_Pwani

Kidigo ndicho kilichokuwa kinatukwamisha. Nina maelezo ya bibi mmoja wa Kwale, ya karibu saa nzima, yamekaa tangu mwezi uliopita bila mtu wa kuyaandika. Nitamuuliza bibi kwanza kama anaridhia yaje kwako, akikubali nakutumia pamoja na karatasi ya kiapo cha siri uisaini. Wakili anayahitaji kabla ya kesi kutajwa wiki ya pili ya mwezi ujao.